Shahada na Ushahidi: Barua ya Kuombea Kazi katika Nyanda za Juu Kusini

Ipo sentensi moja ambayo kila aliyepata kupokea barua za kuombea kazi katika nchi hii huijua hata kabla hajafungua bahasha: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Huja chini ya neno YAH lililopigiwa mstari, na baada yake huja nyingine isemayo kwamba mwandishi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka kadha, mwenye afya njema na akili timamu, mchapakazi, mwaminifu, mbunifu, awezaye kufanya kazi bila kusimamiwa, kisha hutangulizwa shukrani za dhati, na sahihi ikatiwa. Maneno haya hayana dhambi. Walakini nimekwisha kuyasoma mara nyingi mno hata nikaona ni wajibu wangu kuandika juu yake, kwa kuwa nyuma ya kila nakala yuko mtu kamili, mwenye wazazi waliouza ng'ombe au shamba la miti ili asome, na mtu huyo hayumo kabisa katika barua yake.

Miaka kadhaa iliyopita jumuiya moja ndogo ya mjini Iringa, iliyokuwa ikitafuta karani wa kutunza ghala na hesabu zake, iliniomba niketi na wazee wawili kuzichambua barua zilizoletwa. Ilikuwa mwezi wa Julai, baridi ya Gangilonga inapenya madirishani, nasi tumevaa makoti, rundo la bahasha za kaki katikati ya meza na birika la chai pembeni. Barua kumi za mwanzo tulizisoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa insafu iliyowastahili wenyewe. Baada ya hapo mzee aliyekuwa akitusomea akaanza kuiruka aya ya kwanza, kwa sababu alikwisha kuihifadhi. Na rundo lilipofika nusu, akawa anafungua bahasha, anatazama jina na cheti, na kuiweka barua kando pasipo kuisoma. Barua moja ilielekezwa kwa meneja wa kampuni ya Dar es Salaam ambayo hatukuwa na uhusiano nayo wowote. Nyingine mbili zilifanana hata katika kosa la herufi la neno "shughuli", ilhali wenyewe wametoka kata mbalimbali, na yamkini hawajapata kuonana.

Kisha akafikia barua fupi iliyoandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, akatulia. Mwandishi wake alieleza kwamba kwa misimu miwili alikuwa akimwandikia mjomba wake hesabu ya matenga ya nyanya yanayopakiwa magarini pale Ilula. Kwamba msimu wa kwanza hesabu ya shambani na hesabu ya sokoni zilikuwa hazipatani, matenga mawili au matatu kila safari. Na kwamba alipoanza kuwataka dereva na mpakiaji watie sahihi katika daftari moja kabla gari halijaondoka, upungufu ule ulikoma. Cheti chake kilikuwa cha kidato cha nne, chenye alama za kawaida tu. Mzee akairudia barua ile tangu mwanzo, akavua miwani, akasema, "Huyu nimemwona."

Neno lile limekaa nami hadi leo, kwani kadhia yote imo ndani yake. Lugha yetu ililipambanua jambo hili zamani. Waraka unaoorodhesha elimu na kazi za mtu tumeuita wasifu, nao umetoka katika shina moja la Kiarabu na sifa, na kazi yake ni kueleza mtu alivyo. Karatasi anayokabidhiwa mhitimu siku ya mahafali tumeiita shahada, nayo ni shina moja na shahidi na ushahidi, na asili yake ni tamko la mtu aliyehudhuria jambo akaliona. Basi mwombaji anapofika mlangoni kwa mwajiri, wasifu mkononi na shahada ndani ya bahasha, amekwisha kuelezwa na amekwisha kushuhudiwa na chuo chake. Kilichosalia ni yeye mwenyewe kushuhudia. Barua ndiyo wasaa wake wa kusema: nilikuwapo, nilifanya hivi, na matokeo yalikuwa haya. Akiutumia wasaa huo kurudia sifa, atakuwa ameongeza wasifu wa pili juu ya ule wa kwanza, na nafasi ya ushahidi ameiacha wazi.

Barua hizi zinazofanana hazitoki mbali. Mjini Mbeya, toka Iyunga kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hadi Mwanjelwa na Kabwe, na mjini Iringa kukizunguka Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha na chuo cha elimu cha Mkwawa, hukosi steshenari kila baada ya hatua chache: chumba chembamba chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, pazia la buluu la kupigia picha za pasipoti na benchi la kungojea. Kijana wa kaunta huwafaa watu sana, na wengi wasingepata kutuma maombi yao lau si yeye. Ndani ya kompyuta yake limo faili la barua ya kazi, lenye jina la mteja wa jana. Huuliza jina, anuani, nafasi inayoombwa, na siku ya mwisho ya kupokea maombi, ambayo aghalabu ni leo. Dakika kumi hazipiti barua imetoka, ina joto la mashine, na mwombaji anaikunja bila kuisoma kwa kuwa bajaji inamngoja nje.

Lakini iko sababu nyingine, ya ndani zaidi, nayo sitaki kuipita upesi, kwa maana imetokana na jambo jema. Mtoto aliyelelewa Kalenga au Tukuyu hufundishwa mapema kwamba mkubwa huamkiwa kwa unyenyekevu, na kwamba mtu mwenye murua hajitangazi. Sifa zake husemwa na wengine, tena akiwa hayupo. Mtoto huyo akikua, akasoma, akaambiwa ajaze ukurasa mzima kwa habari za nafsi yake na kumpelekea mtu asiyemjua, haya humshika. Ndipo anapokimbilia maneno ya kuazima, kwa kuwa sifa iliyokwisha kusemwa na kila mtu haimtii aibu mtu yeyote. Naiheshimu haya hiyo, wala singependa kijana yeyote wa nyanda hizi afundishwe kuivua. Namwambia tu kwamba kushuhudia si kujinaki. Anayeandika "mimi ni mwaminifu sana" ndiye aliyejinaki. Anayeandika "nilishika ufunguo mmoja kati ya funguo tatu za kisanduku cha kikundi kwa miaka miwili, na kila mwisho wa mzunguko fedha zilihesabiwa mbele ya wanachama wote" hakujisifu hata kidogo, bali amesema yaliyotokea na kumwachia msomaji alitamke mwenyewe neno mwaminifu.

Waswahili wa kale walikuwa na taratibu nzuri katika hili. Mwaka 1892 Mjerumani Carl Büttner alichapisha mkusanyo wa nyaraka za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na yeyote aliyepata kuzisoma barua za namna ile anajua mwendo wake: kwanza taadhima na salamu ndefu, kumtaja mwandikiwa kwa majina ya heshima na kumwombea dua, kisha neno la kukata, ama baadu, na hapo ndipo huanza muradi wenyewe. Salamu zilikuwa za watu wote, na hakuna aliyeona haya kuzinakili kwa mwenziwe. Yaliyokuja baada ya neno lile yalikuwa ya barua ile peke yake, deni la mtu fulani au shehena fulani. Baadaye ofisi za wakoloni zikaleta anuani mbili, nambari ya kumbukumbu, kichwa cha habari na "wako mtiifu", nazo zikawalea makarani wengi hodari wa kuandika, mmoja wao Shaaban Robert, aliyeingia idara ya forodha mwaka 1926, na ambaye barua zake kwa nduguye Yusuf Ulenge, za tangu 1931 hadi 1958, zimekusanywa na kuchapishwa. Sisi tumerithi salamu kutoka huku na kichwa cha habari kutoka kule, vyote viwili tukavihifadhi vyema. Tulichokipoteza ni ama baadu.

Juu ya umbo la barua sina maneno mengi. Anuani ya mwandishi ikae kulia juu, chini yake tarehe. Ya mwandikiwa kushoto. Kisha "Ndugu" au cheo kilichotajwa katika tangazo. Kisha kichwa kinachoitaja nafasi kwa jina lake kamili pamoja na nambari ya tangazo, ikiwa ipo. Ile "husika" iachwe, kwa kuwa kitenzi hicho ni amri, nayo humwamuru msomaji ahusike kabla hajaambiwa jambo lenyewe. Mahali pake iwekwe sentensi moja inayosema unaomba nafasi gani na tangazo uliliona wapi. Ukurasa mmoja unatosha, na kama haukutoshi, soma tena uone ni wapi ulipoacha kushuhudia ukaanza kusifu.

Kwa anayeomba utumishi wa umma, taratibu zimewekwa wazi, na inasikitisha kuona mtu mwenye uwezo anashindwa kwa kutozifuata. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyoundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 18 ya 2007, hupokea maombi kupitia mfumo wake wa Ajira Portal, na matangazo yake hutaka barua iliyotiwa sahihi, iliyoelekezwa kwa Katibu, S.L.P. 2320, Dodoma, pamoja na wasifu unaojitosheleza na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Hati za matokeo na barua za kuhitimu hazipokewi badala ya cheti, na aliye mtumishi tayari hutakiwa kuipitisha barua yake kwa mwajiri wake. Neno "iliyotiwa sahihi" lisomwe mara mbili. Barua hupigwa chapa, hutolewa kwenye karatasi, hutiwa sahihi kwa kalamu, kisha ndipo huskaniwa na kupakiwa katika mfumo. Zipo halmashauri zinazotaka barua iandikwe kwa mkono, na tangazo likisema hivyo, kupiga chapa si unadhifu wala bidii; ni kutosoma.

Matangazo hayo huruhusu Kiswahili au Kiingereza, na hapa nina neno la kusema. Kijana awezaye kueleza kwa Kiswahili namna upungufu wa matenga ulivyokoma, akijitia katika Kiingereza asichokimudu huokota maneno ya vitabuni na ule ushahidi wake hupotea njiani. Pasipo sharti la lugha katika tangazo, na pasipo dalili kwamba kazi yenyewe ni ya Kiingereza, aandike kwa lugha anayoweza kusema ukweli ndani yake. Wala asione lazima kutaja kabila lake na dini yake, kama wengi wafanyavyo hadi leo kwa kudhani ni sehemu ya adabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekataza ubaguzi kazini kwa misingi hiyo, na mistari ile miwili ina matumizi bora zaidi.

Nimetaja ukweli, nao katika nchi hii una historia ya karibu. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyoonyesha kwamba watumishi wa umma 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Wengi tunaikumbuka siku ile kwa ajili ya vyeti, lakini mimi hufikiri pia juu ya barua zilizofuatana na vyeti vile, kwa maana kila mmoja wao lazima aliwahi kuandika mahali fulani kwamba ni mwaminifu. Neno hilo halikumzuia mtu yeyote kuingia ofisini, wala halikumtambulisha yeyote. Ushahidi una tabia nyingine: hupelelezeka. Aliyesema alitunza daftari la matenga anaweza kuulizwa daftari liko wapi.

Mwaka uliopita, binti wa jirani yangu hapa Mbeya, mhitimu wa uhasibu, alikuja kunionyesha barua yake jioni moja. Alikuwa akiomba nafasi ya msaidizi wa mhasibu katika kampuni inayonunua maparachichi kwa wakulima wa Rungwe. Ilikuwa barua ya steshenari, haikupungukiwa na kitu, "husika" imo na shukrani zimo. Nikamuuliza, "Mwanangu, tangu umalize chuo umekuwa ukifanya nini?" Akajibu, akitazama chini, "Hamna kitu, baba. Nilikuwa nyumbani tu."

Nyumbani tu! Maneno haya mawili nimeyasikia kwa vijana wengi kiasi kwamba sasa nikiyasikia hukaa vizuri kitini na kuomba chai iongezwe. Nilimwomba anieleze siku zake huko nyumbani zilivyokuwa zikipita. Akasema alikuwa kwa shangazi yake Kiwira, akimsaidia kupima viazi vya kuuza. Na Jumamosi alikwenda naye kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kwa kuwa akina mama walikuwa wamemwomba awashikie vitabu vyao. Vitabu vilikuwaje? Akacheka kidogo, akasema vilikuwa vimevurugika. Akiba na marejesho ya mikopo vimeandikwa ukurasa mmoja, hata mama mmoja alidaiwa deni alilokwisha kulipa, na maneno yakawa makali. Ulifanyaje? Akanieleza kwa utulivu, mikono yake ikichora mistari juu ya meza, namna alivyokitenga kila kitu, akampa kila mwanachama ukurasa wake, akapitia stakabadhi za nyuma moja moja hadi usiku, na Jumamosi iliyofuata akamsomea kila mmoja salio lake mbele ya wote. Tangu hapo hakuna aliyebishana. Nikamuuliza kwa nini hayo hayamo katika barua. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Baba, hiyo si kazi. Ni kuwasaidia tu."

Tukaketi hadi giza likaingia. Sikumwandikia hata mstari mmoja, kwa kuwa barua ya kuandikiwa na mzee haina tofauti na barua ya steshenari. Nilimuuliza, naye akaandika. Aya yake ya pili ilisomeka hivi: "Tangu Oktoba mwaka jana ninatunza vitabu vya kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 24, kinachokutana kila Jumamosi Kiwira. Nilipovipokea, akiba na marejesho ya mikopo vilikuwa vimechanganywa, na wanachama walikuwa wakibishana juu ya madeni. Nilivitenga, nikafungua ukurasa wa kila mwanachama, na tangu Januari kila mmoja hupewa salio lake kwa maandishi kabla kikao hakijafungwa. Tangazo lenu linasema msaidizi wa mhasibu atatunza hesabu za wakulima wanaoleta mzigo kwa awamu na kulipwa baadaye. Hesabu za namna hiyo nimezizoea, na nawajua pia watu wanaozingojea." Sentensi ile ya mwisho sikuitarajia. Aliisoma tena polepole, akauliza kama aifute. Nikamwambia aiache.

Mtaona kwamba aya ile imelisoma tangazo. Hilo ndilo jambo linalowashinda wengi, hata wenye ushahidi mzuri: hushuhudia kesi isiyokuwapo. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, mashamba ya chai ya Mufindi, kiwanda cha saruji cha Songwe, karakana za TAZARA, wasindikaji wa maziwa wa Iringa, kila mmoja ana shida yake anayotaka mtu wa kumwondolea, na shida hiyo aghalabu imo katika tangazo, katika mistari ya majukumu ambayo waombaji huiruka ili wafike kwenye sifa na mshahara. Mwenye kulisoma tangazo kwa kalamu mkononi, akaweka alama kwenye jukumu moja au mawili yanayofanana na aliyokwisha kuyatenda, hapungukiwi na la kuandika. Na iwapo hakuna hata moja linalofanana, ni heri ajue jioni ile kuliko kupoteza nauli. Naongeza, kwa kuwa nimeona machozi ya watu juu ya jambo hili, kwamba anayemtoza mwombaji fedha ili jina lake lipitishwe au aitwe kwenye usaili si mwajiri. Ni mwizi, hata akiwa na muhuri.

Binti yule alikuwa amekwisha kuikunja barua yake aende zake, akasimama mlangoni. "Baba, nimeandika 24. Nadhani ni 24." Nikamwambia mwajiri hawezi kwenda Kiwira kuwahesabu. Sikupaswa kusema hivyo, naye alikuwa mwema kwa kutonijibu. Akatoa simu, akampigia shangazi yake, akamwamkia, akamwomba amtajie wanachama mmoja mmoja. Nilisikia sauti ya mama yule ikitoka katika simu, akianza na mwenyekiti, akafuata mhazini, akaendelea na majina kwa mpangilio wa wanavyokaa, akasimama kidogo kwa mama mmoja aliyehamia Kyela mwezi wa Machi na kuchukua akiba yake, akaendelea. Binti alikuwa akikunja vidole. Walikuwa 23. Akarudi mezani, akaikunjua barua, akakata nambari kwa mstari mmoja mnyoofu, akaandika nyingine juu yake, kisha akaomba karatasi safi ili ainakili yote upya kabla ya kutia sahihi.